Mguno Nyuma ya Ukuta

Kule Kilema mzigo wa majani ya ng'ombe haukupimwa kwa mizani. Ulipimwa kwa macho, na macho yenyewe yalikaa njia panda, kwenye baraza la duka lililofungwa siku nyingi, mahali ambapo wanawake waliuza ndizi na parachichi siku za soko na kunyoosha miguu siku nyingine. Mwanamke akipanda kutoka tambarare na majani kichwani, walimtazama tangu anapochomoza kwenye kona mpaka anapopotelea kwenye migomba. Mzigo ukiwa mpana kama mlango walisema, "Mae! Huyo ndiye mwanamke." Ukiwa mdogo hawakusema kitu, na kimya kile kilimfuata mtu mpaka kitandani.

Salvina alisifiwa pale njia panda kwa miaka mingi, tangu alipoolewa na marehemu Sylvanus akiwa binti mwembamba wa shingo ndefu. Tusimwonee kwa kuzipenda sifa zile. Kanisani walisifiwa watakatifu, kwenye pombe ya mbege walisifiwa wanaume, na mwanamke alibakiwa na njia panda. Alipopita pale mgongo umenyooka, majani yakimning'inia mbele ya macho mpaka njia aione nusu, alijisikia mtu mwenye jina.

Kwa miaka yote hiyo hakujitwika mzigo peke yake hata mara moja. Alikuwa na Veronika, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji, aliyeolewa msimu mmoja na yeye. Waliteremka pamoja asubuhi ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba, wakakata majani huko chini kwenye joto, wakafunga kamba, kisha wakatwishana. Mmoja akishakuwa na mzigo kichwani aliushika kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamnyanyulia mwenzake. Walipofika juu walituana vilevile. Hawakuliita jambo hilo msaada. Ndivyo majani yalivyobebwa, basi.

Kisha biashara ya kahawa ikaharibika. Kila mwenye lori akaanza kuinunua, bei ikapanda kidogo, ikashuka, ikashuka tena, mpaka watu wakawa wanang'oa mibuni ya babu zao na kupanda nyanya. Veronika akaona asikae kuitazama. Akateremka Kiboriloni kuuza mitumba, akawa anarudi mwisho wa wiki na harufu ya poda na habari za mjini. Salvina hakumlaumu, hata yeye angekuwa na mtaji angekwenda. Lakini siku ya kwanza aliposimama peke yake kule tambarare, mzigo umelala miguuni, alitazama kushoto na kulia kama mtu aliyepotelewa na kiatu.

Angeweza kufunga mzigo mdogo. Wazo hilo lilimjia, likaikumbuka njia panda, likarudi lilikotoka.

Badala yake alibuni namna yake. Aliusimamisha mzigo kwenye ukingo wa mtaro, akainama, akaingiza kichwa chini yake, kisha akajipinda kiuno na kuinuka kwa mkupuo mmoja huku akivuta pumzi kwa meno. Kila mara kitu kidogo kilimchoma juu ya nyonga. Jioni alijipaka dawa ya kuchua, akalala, na asubuhi akawa amesahau. Mwili ulimwambia mara nyingi, tena kwa adabu, na yeye akaendelea na safari zake.

Siku mwili ulipochoka na adabu, maumivu hayakuja kwanza. Ulikuja mlio mdogo ndani yake, wa kijiti kikavu, halafu miguu ikawa si yake. Akajikuta amelala chali katikati ya majani yaliyofunguka, mbingu pana ya tambarare juu yake, na nyuma ya kichwa chake Kibo imening'inia juu chini, nyeupe, karibu kabisa. Alifikiri theluji yote ile itamwagikia angani na hakuna mtu wa kuizuia. Wazo hilo lilimpendeza, akalitazama kwa muda. Ndipo maumivu yalipofika, akapiga kelele mpaka ndege wakaruka kwenye mabua.

Waliokuwa wakikata mabua shamba la jirani walimlaza juu ya ubao, wakampandisha hospitali nyuma ya pikapu ya mnunuzi wa kahawa. Njia nzima aliyaona majani ya migomba yakipita juu ya uso wake, moja baada ya jingine, kijani, kijani, na akaona ajabu kwamba amepita njia ile maisha yake yote bila kujua kwamba ina dari.

Hospitali alikutana na Doris, muuguzi wa mazoezi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Huyo hakuwa na haraka. Alimwacha alale, akampa dawa, na siku alipoweza kusimama akamwekea ndoo mbele.

"Shikamoo mama. Leo utaninyanyulia ndoo."

"Marahaba. Ndoo tupu?"

"Tupu. Nataka nione ulivyojivunja."

Salvina akainama. Mkono haujafika kwenye mpini, Doris akamshika bega.

"Hapo hapo. Umeinama kama unachuma mboga, sasa utajipinda, halafu utavuta. Kiuno si jeki ya lori, mama. Chuchumaa. Ndoo iwe katikati ya magoti, iwe karibu na tumbo, ikumbatie. Sasa inuka kwa mapaja, uso mbele."

Salvina akachuchumaa, akajiona mjinga mbele ya wodi nzima. "Hivi ndivyo mtu anavyokaa chooni," akasema.

"Na huko chooni umewahi kuvunjika mgongo?"

Wodi ikacheka, na mama mmoja mwenye mguu kwenye plasta akaomba wasimchekeshe, anaumia. Doris naye alicheka, lakini hakuacha kufundisha. Ukitaka kugeuka na mzigo, alisema, geuka na miguu yako, usikiache kiuno kigeuke peke yake. Usilale kwenye godoro lililobonyea. Ukilala chali weka mto chini ya magoti. Tembea kidogo kila siku hata kama hutaki.

"Na majani funga nusu," akamalizia. "Mzigo unaohitaji watu wawili kuunyanyua, usijitwike peke yako. Ukirudia ulivyofanya, safari nyingine huji hapa kwa miguu yako, na mimi sitakuwa na la kukufanyia."

"Nusu?" Salvina akauliza. "Nusu, nani atanitazama?"

"Ng'ombe, mama. Ng'ombe atakutazama, na atakula."

Akarudi nyumbani wakati mvua za masika zimekaza. Wakamtandikia kwenye ubao, katika chumba cha nyuma, ukutani. Upande wa pili wa ukuta ule wa mbao ndipo lilipokuwa banda la Tausi, ng'ombe wao wa maziwa. Mvua ilipiga bati, ukungu uliingia dirishani bila kubisha hodi, na Tausi alitafuna mchana kutwa karibu na sikio lake, taratibu, kama anayesoma rozari ndefu. Siku zikapoteza majina. Salvina alilala, akaamka, akalala, na mara nyingi hakujua yuko upande gani.

Majani sasa aliyakata Pamela, mke wa mwanawe Fabian. Fabian mwenyewe alikuwa mgumu, mbeba mizigo ya watalii huko mlimani, na alikaa nyumbani siku chache tu kabla ya kupanda tena. Alisimulia kwamba huko getini mzigo wa kila mgumu unapimwa, na ukizidi unapunguzwa hata mtalii akinuna. Salvina alipenda kuisikia habari hiyo, akafurahi kwa ajili ya mgongo wa mwanawe, na hakuihusisha na kitu chochote cha hapo nyumbani.

Pamela alikuwa mtu wa Bomang'ombe. Alikulia barabarani, kwenye honi za mabasi na vibanda vya chipsi, na siku ya harusi wanawake wa njia panda walimtazama juu mpaka chini wakasema shingo ile ni ya kuvalia mkufu tu. Maneno yale yalimfikia. Mwanzoni, mama mkwe wake akiwa tambarare, alikuwa akibeba kidogo kidogo kutoka kijitoni hapo karibu, na watu walinyamaza. Sasa aliteremka peke yake, na jioni alirudi peke yake.

Salvina alimsikia kwa masikio ya usingizi. Ndoto ilikuwa moja, ikija na kwenda na mvua. Alikuwa akiteremka tambarare, miguu haigusi udongo, na mzigo ulimfuata nyuma wenyewe kama ndama. Alipogeuka kupanda, mzigo ulikuwa kichwani, nao ulikuwa mwepesi, na ulikuwa ukikua. Ulikuwa majani, ukawa migomba, ukawa nyumba na bati lake, ukawa kanisa zima na kengele inayotikisika. Wanawake wa njia panda walikaa kwenye ukungu, hawana nyuso, wana macho tu. "Mae!" yalisema macho yale. Naye akatembea, akatembea, ametukuka, mpaka kutoka mahali fulani chini kabisa ukasikika mguno. Mfupi, mzito, wa kitu kinachobanwa.

Hapo aliamka. Nyuma ya ukuta palikuwa na kishindo cha majani yaliyoangushwa, hatua zinazosita, na Tausi akianza kutafuna.

"Ng'ombe anaguna," Salvina alijiambia, akafumba macho.

Wageni walikuja kumwona na kumletea ndizi. Alikuja Magdalena, bibi wa njia panda, ambaye zamani hakuna aliyemfikia kwa mizigo, na ambaye sasa alikuwa amepinda kiuno kiasi cha kutazama ardhi muda wote. Hakuweza tena kuinua uso aione mizigo, kwa hiyo aliihukumu kwa vivuli, na watu walisema hakosei. Hakuna aliyewahi kumuuliza kilichompinda. Walidhani ni uzee.

"Mkwe wako," Magdalena akasema akiwa ameinamia kikombe cha chai, "jana amepita na kivuli cha kujaza barabara. Nikauliza ni gari? Wakasema ni Pamela wa Salvina."

Salvina akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aanguke, na kicheko kilimuuma kiuno, na hakujali. Alijiona yuko pale barabarani tena, amenyooka, macho yote juu yake. Pamela alipoingia na maziwa akamwambia yote yaliyosemwa, neno kwa neno, na msichana akasimama mlangoni anasikiliza, uso wake umewaka kwa furaha. Siku iliyofuata mzigo ulikuwa mkubwa zaidi. Nyuma ya ukuta mguno ukaja tena, na Salvina akajiambia tena ni ng'ombe. Ng'ombe wa maziwa huguna, kila mtu anajua.

Mvua zilipopungua Tausi alianza kutafuta dume. Akapelekwa bonde la pili, kwa jirani mwenye dume zuri, akaachwa huko alale. Pamela hata hivyo aliteremka kukata majani, ili ng'ombe akirudi ayakute.

Jioni ile ukungu ulishuka mapema, ukaijaza nyumba mpaka taa ya chemli ikawa na mduara. Salvina alilala chali, mto chini ya magoti, kama alivyofundishwa. Upande wa pili wa ukuta palikuwa kimya. Hapakuwa na anayetafuna, na bila sauti ile alijisikia anaelea, hana pa kushika. Alikuwa karibu kuingia kwenye ndoto yake. Kisha kikaja kishindo cha majani, na kufuatia kishindo, mguno.

Alifumbua macho.

Mguno ukaja wa pili, mrefu kidogo, ukakatizwa katikati. Mkono ukapapasa mbao za ukuta, karibu kabisa na kichwa chake, ukashika. Alisikia mtu akivuta pumzi kidogo kidogo, kwa meno, kwa namna ambayo yeye mwenyewe alivuta kule kwenye ukingo wa mtaro. Banda lilikuwa tupu. Hapakuwa na ng'ombe wa kusingiziwa.

Kilichomtisha zaidi si mguno. Kilichomtisha ni kwamba haukumshangaza. Alilala pale akaurudisha nyuma, jioni baada ya jioni, na kila jioni aliukuta umekaa mahali pake unamngoja. Alijua. Alijua kiuno cha Pamela kinaelekea wapi, alikuwa ametoka huko kwa pikapu, na alikuwa amelala hapa analamba sifa.

Pamela alipoleta mtori alijishikilia kwenye mwimo wa mlango kabla ya kuinama kuweka bakuli. Salvina aliona.

"Pamela, kesho funga nusu."

"Nusu ya nini, mama?"

"Ya majani. Yule muuguzi alisema..."

"Muuguzi alikuambia wewe, mama. Mimi siumwi."

"Najua huumwi. Nasema tu."

Pamela akafuta mikono kwenye kanga. "Nikipita na nusu watasema nini? Watasema wa Bomang'ombe ameishiwa. Si wewe mwenyewe uliniambia wanavyonisifu? Ulicheka, mama. Sijawahi kukuona umecheka vile."

Salvina alitaka kusema, nimekusikia. Neno lilifika mdomoni. Lakini angesema amemsikia, msichana angeuliza tangu lini, na hakuwa na jibu linaloweza kutoka kinywani mwa mama mkwe likabaki na heshima. Akanywa mtori. Ulikuwa mzuri, una nyama, na aliumaliza bila kuinua uso.

Alilikalia jambo hilo siku kadhaa. Alijaribu tena kwa maneno, mara kwa upole, mara kwa ukali, na Pamela alijibu "ndiyo, mama" kwa adabu zote, akateremka, akarudi na mzigo mpana kama mlango kichwani. Salvina akaelewa kwamba maneno ya ndani ya nyumba hayana nguvu. Aliyempa yule mtoto ule mzigo ni njia panda, na atakayemtua labda ni njia panda hiyo hiyo. Aliliogopa wazo hilo kuliko alivyoogopa kuanguka. Mgongo uliovunjika watu huuhurumia. Mwanamke anayejifanya kichekesho mbele ya soko, nani humhurumia?

Siku ya soko Pamela alipokwisha kuteremka, Salvina alijifunga kanga mbili, akachukua mundu na kamba, akatoka taratibu na fimbo yake. Kutembea aliruhusiwa, kwa hilo Doris angempongeza. Hakwenda mbali. Aliishia kijitoni, chini kidogo ya kona, palipoota matete, akakata akiwa amepiga magoti, akafunga mzigo usiozidi mto wa kulalia. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka. Maji yalipita chini yake yakiongea peke yao, na kwa kitambo hakuwa na hakika kama ameamka au bado yuko kwenye ubao.

Akachuchumaa. Mzigo ukawa katikati ya magoti, karibu na tumbo. Akaukumbatia, akainuka kwa mapaja, uso mbele, na kiuno kikakaa kimya. Aliuweka juu ya ngata. Ulikaa kama kofia. Machozi yalimtoka, hata hakujua ni ya nini.

Alipochomoza kwenye kona, mchana umesogea na jua limetoka, wanawake wa njia panda walikuwa wamejaa barazani, ndizi na parachichi mbele yao. Macho yakainuka. Kile kimya alichokiogopa maisha yake yote kikamjia kikamzunguka, na akaendelea kupanda ndani yake mpaka alipofika katikati yao, akasimama.

Magdalena alikuwa akiitazama ardhi. "Nani huyo," akauliza, "mwenye kivuli cha kuku kichwani?"

Kicheko kikalipuka.

"Ni mimi. Salvina."

"Salvina yupi?"

"Wa marehemu Sylvanus. Yule yule."

"Mae. Kwani ng'ombe mmeuza, mnafuga sungura?"

Walicheka mpaka wengine wakajifuta macho kwa kanga. Masikio ya Salvina yaliwaka moto. Aliona aibu kweli kweli, aibu ya kitoto inayomfanya mtu atamani kukimbia. Hakukimbia. Alibaki pale na mzigo wake wa sungura kichwani, ili wamtazame mpaka washibe.

"Sikuuza," akasema. "Mgongo wangu ulivunjika kwa mizigo mliyokuwa mkinisifia. Sasa nabeba hivi, na nitakuwa nabeba hivi, na mtanizoea."

Kicheko kikapungua, kikabaki huku na huku. Kabla mtu hajajibu, kwenye kona ukachomoza mzigo mwingine, ukatangulia mtu wake. Majani yalijaza njia kutoka ukingo mpaka ukingo, yakipanda polepole, na chini yake miguu miwili tu.

"Mae!" wakasema wote, hata waliokuwa wakicheka. "Huyo ndiye mwanamke."

Salvina hakuutazama mzigo. Maisha yake yote alitazama mizigo, na leo akatazama chini yake. Aliona mguu wa kushoto ukiburutwa. Aliona mbavu zilizokazwa, kiuno kilichopinda upande mmoja, midomo iliyopauka, na mishipa ya shingo ile waliyosema ni ya mkufu imesimama kama kamba.

"Pamela. Simama."

Majani yakasita. "Mama? Unafanya nini huku?"

"Simama utuliwe."

"Niache nifike nyumbani, mama." Sauti ilikuwa ya mtu anayeokoa pumzi. "Ni hapo tu."

"Hufiki."

Salvina akachuchumaa akaweka chini mzigo wake, akageukia barazani. "Inukeni mnitulie mtoto. Mimi nimekatazwa kunyanyua."

Hakuna aliyeinuka. Pale njia panda mzigo haukutuliwa, ulipita. Kutuliwa pale kulikuwa sawa na kushindwa hadharani, na hata mwenye kuzimia alijikaza afike migombani kwanza.

"Atuliwe hapa?" Magdalena akauliza. "Mbele za watu?"

"Hapa. Mbele za watu. Mmemtazama wote tangu kwenye kona. Hakuna aliyeona mguu wake?"

Wakatazamana. "Sisi tumeona mzigo," akasema muuza parachichi, akasikia alivyosema, akaona haya. Akaweka kisu chini, akainuka akijifuta mikono. Mwingine akamfuata. Wakashika mzigo huku na huku, wakaunyanyua kutoka kwenye kichwa cha Pamela, na wote wawili wakayumba nusura waanguke nao.

"Yesu wangu!" muuza parachichi akalia. "Huyu mtoto alikuwa amebeba nini?"

Ukaanguka kwenye vumbi kwa kishindo kile kile ambacho Salvina alikijua. Miaka yote walikuwa wameisifu mizigo ile, na leo wawili kati yao walikuwa wameugusa mmoja. Walisimama wanasugua mikono yao.

Pamela hakunyooka. Alibaki ameinama, viganja juu ya magoti, macho chini, ngata bado kichwani. Alijaribu kuinuka akaishia nusu. Ndipo ukamtoka mguno, mfupi, mzito, unaobanwa, na safari hii hapakuwa na ukuta.

Salvina akapiga magoti mbele yake barabarani ili auone uso wake. Ulikuwa umelowa jasho na machozi, mdogo, uso wa msichana aliyekulia kwenye honi za mabasi, ambaye hakuna mtu aliyemfundisha kutwishana wala kutuana.

"Pole, mwanangu. Usijilazimishe. Kesho tunakwenda hospitali wote wawili, na huu mgongo utapona, haujafika ulikofika wangu."

Pamela akatikisa kichwa, akanong'ona. "Nilikuwa najibana, mama. Kila jioni nilikuwa najibana kule bandani usije ukaamka. Nilidhani husikii."

Uongo ulikuwa karibu, tena mwepesi, na barazani watu wote walikuwa wametega masikio. Salvina akaushika uso wa yule mtoto kwa mikono miwili.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilijiambia ni ng'ombe."